Klachi Isiyoomba Ruhusa

Kwa Mhandisi Mkuu,
Idara ya Klachi na Mambo ya Magurudumu ya Nyuma,
Kiwanda cha Magari.
(Anwani nimeinakili kutoka kwenye kibamba kilicho mlangoni mwa gari. Kama idara yako ina jina jingine, naomba radhi.)

Ndugu Mhandisi Mkuu,

YAH: KLACHI YENU YA SUMAKU KUFANYA KAZI YANGU BILA KUNIAMBIA

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ukiondoa magoti, na natumaini wewe na wenzako hapo kiwandani hamjambo na kazi inaendelea vizuri. Sina nia ya kukuvunjia heshima. Najua klachi hii mmeihangaikia miaka mingi na mnaipenda. Basi pokea barua hii kama mzazi anavyompokea jirani aliyekuja kumshtakia mtoto: mpe kiti, msikilize mpaka amalize, ndipo umwite mtoto.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa katika kituo cha afya kilichoko juu ya mlima wa udongo mwekundu. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Mlima una kona tatu, na mvua ikinyesha kona ya pili haipandiki kwa ujanja wa kawaida. Gari letu la zamani lilivutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ukitaka ya mbele nayo yaamke, lazima mtu ashuke ayaamshe kwa mkono. Mtu huyo alikuwa mimi.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Nikifika chini ya mlima, nasimama. Nazima redio. Nashuka, nazunguka mbele ya gari, nachutama kwenye gurudumu la kushoto na kufunga loki yake iliyo katikati, kisha la kulia. Nanawa mikono kwa maji ya kidumu, naifuta kwa kitambaa, napanda, navuta mkono wa gia ndogo. Muda wote huo hakuna abiria aliyefungua kinywa. Sheria hiyo sikuiweka mimi, ilijiweka yenyewe. Daktari aliyekuwa akibishana kwenye simu alikata simu. Wagonjwa walioguna tangu barabara kuu waliacha kuguna, na wapo wawili walioniambia baadaye kwamba nafuu yao ilianzia pale. Tukifika juu kila mmoja alishuka akisema ahsante, dereva. Sikumbuki hata siku moja mtu akilishukuru gari.

Miezi mitatu iliyopita tukaletewa gari lenu jipya. Sitasema uongo, nililipenda. Viti vyake havichomi mgongo na milango yake inafunga kwa kidole kimoja. Mvua ya kwanza ikanikuta chini ya mlima, nami nikafanya kama kawaida: nikasimama, nikazima redio, nikafungua mlango. Muuguzi Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Sista, alikuwa pembeni yangu na boksi la chanjo magotini. Akaniuliza ninashuka kwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kufunga. Akauliza, kufunga nini, kaka?

Nilizunguka gari zima nikitafuta. Hakuna loki, Ndugu Mhandisi. Katikati ya magurudumu kuna vifuniko vya plastiki tu, laini, visivyo na kazi ninayoijua. Nilirudi ndani nimelowa mpaka kwenye soksi, nikakanyaga mafuta, na gari likapanda mlima wote kana kwamba ni uwanja wa mpira. Sista alikuwa anasoma karatasi zake za chanjo na hakuinua macho.

Ili nisimwonee mtu, nilikwenda kwanza kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari. Alinichorea kwa chaki kwenye sakafu ya gereji. Kwenye barabara kavu, alisema, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, ya nyuma yanafuata tu. Ya mbele yakianza kuteleza, kompyuta inajua, inapeleka umeme kwenye koili, nyaya zilizozungushwa, iliyo mbele ya difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Koili inageuka sumaku. Sumaku inabana sahani za klachi, sahani zinashikana, na nguvu ya injini inakwenda nyuma. Umeme ukiwa mdogo inabana kidogo, ukiwa mwingi inabana sana, kiasi kile kile kinachohitajika. Nikamwuliza, na dereva? Shemeji akatazama mchoro wake akasema dereva hayumo. Yote hayo, alisema, huwa yameisha kabla hujapepesa jicho. Alikuwa anatabasamu aliponiambia.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, ili mkiyajibu msiruke hata moja.

1. Klachi yenu haibishi hodi. Katika kazi yoyote ya heshima, msaidizi hujitambulisha. Hata muuguzi mwanafunzi, siku yake ya kwanza, husema naomba nikusaidie. Klachi hii imeingia katika mlima wangu, imefanya kazi yangu, imetoka, na hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nasaidiwa. Kwa wiki mbili nzima, kabla ya shemeji kunifungua macho, nilidhani ni mimi. Nilijisifu nyumbani. Mke wangu ni shahidi.

2. Klachi haibagui dereva mzuri na mbaya. Hili nimelipima mwenyewe. Siku moja, nikiwa peke yangu, niliingia kona ya pili kwa makusudi vibaya kabisa: mwendo mkubwa, usukani nimeukata ovyo, mafuta nimekanyaga kwa hasira. Aliyenifundisha udereva angenishusha palepale. Gari lilitikisika mara moja, likajiweka sawa, likapanda. Nilirudi chini nikapanda tena, safari hii kwa ustadi wangu wote. Likapanda vilevile. Mtu ambaye amejifunza miaka ishirini na sita anapata mlima uleule anaoupata mjinga, na mimi nikiwa nimeshika nafasi zote mbili ndani ya nusu saa, naweza kuthibitisha.

3. Magurudumu ya nyuma yanazurura. Kwenye barabara kavu, shemeji amekiri, hayana kazi. Yanafuata yale ya mbele kama wajumbe wanaomfuata mheshimiwa kwenye ziara. Tairi zake zinaisha, zinajazwa upepo, zinaoshwa. Nauliza kwa adabu kabisa kama jambo hilo linajulikana huko.

4. Kwa sababu ya namba moja mpaka tatu, Sista amejifunza kuendesha gari.

Hapa naomba nieleweke. Sista ni mtu mwema. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na hajawahi kunipandishia sauti, hata ile siku niliyoondoka nikamwacha sokoni. Lakini enzi za gari la zamani hakuna muuguzi aliyethubutu hata kukalia kiti changu. Sasa kaona mlima hauna maajabu, kaenda shule ya udereva, wiki sita, kapata leseni. Jumanne moja ya mvua, mimi magoti yananitesa, akachukua funguo akaenda kuleta chanjo mwenyewe. Nilisimama dirishani muda wote huo. Alirudi na kofia yake imekaa sawasawa kichwani, akaweka funguo mezani, akasema, mbona rahisi tu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeshangaa, na nadhani ndiyo maana yaliniingia.

5. Kutokana na namba nne, Katibu wa kituo ameniandikia barua. Ninayo hapa. Inasema kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao wauguzi wenye leseni wataendesha kwa zamu, nami nitahamishiwa stoo, "kwa kuzingatia afya ya magoti yake na uwezo wa gari jipya." Uwezo wa gari jipya, Ndugu Mhandisi, ni klachi yenu. Shemeji amethibitisha kwamba vingine vyote gari la zamani lilikuwa navyo, ukiondoa redio nzuri.

Stoo yenyewe ni chumba kisicho na dirisha nyuma ya maabara. Kuna maboksi ya glavu, kuna mizani mbovu, kuna daftari la kuandika kilichoingia na kilichotoka. Nilipomwonyesha mke wangu barua alifurahi, akasema afadhali, utakuwa hulowi tena. Alisema kwa upendo, na mimi nikatoka nje nikaenda kukagua mti wa mpapai ambao haukuwa na tatizo lolote.

Nakwambia wewe kwa sababu hunijui: naogopa. Naogopa asubuhi ile ya kwanza nitakaposikia gari likiwashwa uani, mimi niko ndani nahesabu glavu, na hakuna mtu atakayegeuka kunitafuta. Miaka yote hii nilijua kwamba hakuna anayepanda wala kushuka mlima ule wakati wa mvua bila kwanza kuniuliza kama inawezekana. Nilikuwa nikitazama mawingu, kisha nikasema inawezekana. Sijui mtu anayejua kusema hivyo anafanya nini stoo.

Baada ya kueleza hayo, na kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta njia ya kutokea, naleta maombi yangu:

6. Klachi ipewe sauti. Sihitaji kelele. Mlio mmoja mzito, kama wa chuma kinachofungwa, usikike zaidi viti vya nyuma walipo abiria, ili wajue kwamba kuna jambo kubwa linatendeka na wanyamaze.

7. Klachi icheleweshwe. Shemeji anasema inabana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Nani ana haraka hiyo? Naomba sekunde saba. Ndani ya sekunde saba dereva anaweza kuvuta pumzi, kukunja mikono ya shati na kutazama kona ya pili kwa macho ya mtu anayefahamiana nayo.

8. Iwekwe fimbo ya chuma pembeni ya kiti cha dereva, yenye kirungu cheusi, isiyounganishwa na kitu chochote. Nitakuwa naivuta chini ya mlima. Ombi hili nilimpelekea kwanza shemeji, kwa kuwa yuko karibu, akakataa akisema ana jina la kulinda. Ninyi jina lenu ni kubwa zaidi na linaweza kuvumilia fimbo moja.

9. Kompyuta ifundishwe kutambua mikono yangu. Nikishika usukani mimi, sumaku ifanye kazi kama kawaida, hata bila sauti, hata bila zile sekunde saba. Namba sita na saba nitazisamehe. Akishika mwingine, sumaku ilale. Msidhani sijafikiria wagonjwa. Nimewafikiria sana. Wakikwama, watanipigia simu, na mimi nitakuwa stoo, hatua arobaini kutoka lango. Nimezihesabu.

10. Ikiwa namba tisa ina ugumu wa kitaalamu, basi naomba klachi zote mlizokwisha kuziuza, katika magari yote popote yalipo, zizimwe kwa muda wa mwaka mmoja, ili madereva wa milimani wapate kukumbukwa. Baada ya mwaka huo mnaweza kuziwasha tena taratibu, mkianzia sehemu za tambarare.

11. Na kama hilo nalo haliwezekani, mtumeni hapa mhandisi mmoja, yeyote, yule aliyebuni koili ingefaa zaidi, aje akae na mimi stoo. Kiti cha pili kipo. Tutakuwa tunaandika daftari kwa zamu, na gari likipita nje atanieleza kwa maneno yake mwenyewe ni kitu gani kinabanwa wakati huo.

Sidhani kama nimeomba makubwa. Namba nane peke yake ingenitosha, kusema kweli, lakini nimeambiwa ukiandikia wakubwa uombe zaidi ya unachotaka.

Nisalimie wote hapo idarani. Wasalimie wanaozungusha nyaya za koili, wanaopanga sahani, na yule anayejaribu magari kwenye matope kabla hamjayauza, mwambie namwonea wivu. Msalimie mlinzi wa getini, na mhudumu wa ofisi atakayekufungulia bahasha hii. Na msalimie dereva wenu, ikiwa bado mnaye.

Ni mimi, mwenye heshima zote kwako na kinyongo na klachi,

DEREVA WA GARI LA WAGONJWA
(mpaka tarehe thelathini ya mwezi huu)

Nakala: Katibu wa kituo, nikimkuta ana furaha.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha jana asubuhi, stempu imebandikwa, simu ilipolia. Alikuwa Sista. Amekwama kona ya pili akipandisha akina mama watatu wa kliniki, na ananiomba, kaka, tafadhali njoo.

Niliteremka kwa miguu na magoti yangu hivyohivyo. Nikakuta magurudumu ya mbele yamechimba shimo, ya nyuma yametulia kama hayahusiki, na kwenye dashibodi inawaka taa ya njano ambayo sijapata kuiona. Wote wanne wakanigeukia. Sikujua la kufanya. Nilijua kufunga loki, na gari halina loki. Basi nikafanya ninachokijua. Nilizima injini, nikazima redio. Nikazunguka mbele, nikachutama kwenye gurudumu la kushoto, nikashika kile kifuniko cha plastiki kwa muda, kisha cha kulia. Magoti yakagoma kuninyanyua, nikakaa kwenye jiwe. Nilikaa sana, nikiyatazama matope kama mtu anayepiga hesabu, na hakuna aliyesema neno. Hata mtoto mgongoni mwa mama mmoja alikuwa ananitazama kimya. Mwishowe nikanawa mikono, nikaketi kwenye usukani, nikawasha. Taa ya njano haikuwepo. Nikakanyaga mafuta kidogo kidogo, nyuma pakashika, tukapanda. Akina mama walishuka wakisema ahsante, dereva, wote watatu. Na Sista alikwenda moja kwa moja kwa Katibu, akamwambia mbele ya watu kwamba mlima ule una mambo yake na ile barua ya stoo ifikiriwe upya. Katibu ameichana.

Leo asubuhi nilitaka kujua ni kitu gani hasa nilichokifanya, nikafungua kile kitabu kinachokuja na gari, ambacho kwa heshima yangu sikuwa nimewahi kukifungua. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne kuna picha ya taa ya njano. Inasema klachi ikiteleza muda mrefu hupata joto, na ili isiungue hujiachia yenyewe. Zima injini, subiri kama dakika ishirini, ipoe, endelea. Basi. Vifuniko vya plastiki havikutajwa.

Nilikuwa nimeshika kalamu ili nikuombe, kama namba kumi na mbili, ukurasa huo muuondoe katika vitabu vyote. Ndipo nikaona pembeni yake mwandiko ninaoufahamu kutoka kwenye kadi za chanjo, pamoja na tarehe ya wiki ileile gari lilipofika: "Taa ya njano, subiri ipoe tu. Hakuna haja ya kumwita mtu."

Alijua, Ndugu Mhandisi. Alijua, akanipigia simu, akakaa kimya dakika ishirini na wenzake huku mimi nikishikashika plastiki.

Naomba ufute namba zote, moja mpaka kumi na moja. Barua naituma kwa sababu stempu haibanduki. Kitabu nimekirudisha mahali pake kilivyokuwa, na Sista hatajua kwamba nimekisoma.